Gari imegongwa mara tatu ndani ya miezi mitano. Nidai bima kwa pamoja au moja moja?

#1 Mkazi_wa_Goba
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijapeleka karatasi bima Jumatatu.

Nina Toyota IST yenye bima kubwa (ile inayolipa hata gari langu mwenyewe), thamani iliyoandikwa ni milioni 12. Nililipa 495,600 mwezi wa pili. Tangu hapo yamenipata haya:

Mwezi wa nne, mataa ya Mwenge. Nimesimama kwenye taa nyekundu, Toyota Noah ikanivaa kwa nyuma, nikasukumwa mpaka nikamgusa bajaji wa mbele. Bampa ya nyuma imepasuka, ya mbele imechubuka. Fundi anataka 240,000. Mwenye Noah alinitumia 50,000 kwenye simu akasema nyingine mwisho wa mwezi. Mpaka leo hapokei.

Mwezi wa sita, Sinza, bodaboda aling'oa saitimira akapotelea vichochoroni. 90,000.

Wiki iliyopita naingia nyumbani usiku, upepo ukalirudisha geti, likakwangua mlango na fenda yote ya kushoto. 590,000.

Jumla 920,000. Mkataba wangu unasema ekisesi ni asilimia 10 ya dai, isipungue 200,000. Jirani yangu kanishauri niandike yote yametokea siku moja, nikatwe 200,000 mara moja, nibaki na 720,000. Nafsi inasita. Nyie mngefanyaje?

#2 Mzee_wa_Tabata
Usimsikilize jirani. Asesa, yaani mkaguzi wa hasara wa bima, akiinama kwenye hiyo gari dakika tano tu ataona bampa ina vumbi la miezi mitatu ndani ya ufa na mlango una mkwaruzo mbichi unaong'aa. Ukishaandika uongo kwenye fomu ya madai, kampuni ina haki ya kukataa dai lote, pamoja na lile la kweli.

#3 Dada_Rehema
Samahani, mimi ni mgeni kwenye haya mambo. Ekisesi ni nini hasa?

#4 Wakala_Mstaafu
Dada Rehema, ni ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kila ajali inapotokea. Fundi akisema laki tano na ekisesi yako ni laki mbili, bima inatoa laki tatu. Imewekwa ili watu wasipeleke kila mkwaruzo.

Mleta uzi, neno la kuzingatia hapo ni KILA AJALI. Una matukio matatu, kwa hiyo ekisesi tatu. Piga hesabu: Mwenge 240 toa 200 unabaki na 40,000. Saitimira 90 haifiki hata ekisesi, sifuri. Geti 590 toa 200, 390,000. Kwa njia ya halali kutoka bima yako unapata 430,000, si 720,000.

#5 Kobe_wa_Chumbageni
Mbona hata Mwenge ni ajali mbili? Kagongwa nyuma, kisha yeye kamgonga bajaji. Bima nyingine zitakukata ekisesi mara mbili hapo.

#6 Wakala_Mstaafu
Hapana, Kobe. Chanzo ni kimoja, Noah. Kusukumwa ni mwendelezo wa pigo lile lile. Nimeshughulikia foleni za magari manne yaliyogongana mfuatano na kila gari lilifungua faili moja tu.

#7 Kobe_wa_Chumbageni
Hiyo ni kama kweli alikuwa amesimama. Nani anathibitisha kwamba hakumgonga bajaji kwanza kwa kumkaribia sana, ndipo Noah naye ikamfuata? Hapo yanakuwa mapigo mawili yenye makosa ya watu wawili tofauti. Trafiki wakija huwa wanamuuliza wa mbele alisikia mishindo mingapi. Akisema mmoja, aliyesimama kati kasukumwa. Akisema miwili, wa kati alishagonga kabla. Bajaji wako alisikia mingapi?

#8 Mkazi_wa_Goba
Mmoja. Lakini trafiki hakuja. Bajaji alichubuka kidogo akasema tusamehane, akaondoka. Nina picha za Noah na namba yake, na picha ya bajaji ikiwa bado imegusana na bampa yangu.

#9 Fundi_Bodi_Keko
Picha hizo usizifute, hata ukibadilisha simu.

Halafu niongee upande wa gereji. 240,000 kwa bampa mbili umekadiriwa kwa macho. Umefungua bampa ya nyuma ukaangalia kile chuma cha ndani? IST nyingi nazoletewa baada ya "kuguswa tu" bampa ya nje imepasuka kidogo, ndani chuma kimeingia na sakafu ya buti imekunja. Ukidai leo kwa makadirio ya juu juu, fundi akifungua na kukuta zaidi lazima asesa arudi tena kuongeza, na hapo ndipo faili hulala. Mwambie fundi afungue kwanza, apige picha, aandike kila kitu, ndipo asesa aje.

#10 Mama_Wawili
Asante Fundi, hilo nimelipata kwa machozi. Mimi nilipewa laki moja barabarani Mbezi, nikaandika kikaratasi "nimelipwa, sidai tena", tukapeana mikono. Siku ya nne gari inachemsha. Kumbe redieta ilishapata ufa. Bima yangu ikakataa kabisa. Walisema kile kikaratasi kimewaziba njia, hawawezi tena kumfuata aliyenigonga, kwa hiyo na wao hawanilipi. Nililipa fundi mwenyewe, na mwezi ule ada ya mtoto ilichelewa.

#11 Wakala_Mstaafu
Pole sana mama. Wengi hawaelezwi hilo siku wanakata bima. Kampuni ikikulipa, inashika nafasi yako na kwenda kumdai mkosaji. Ukishamsamehe mkosaji kwa maandishi, umewanyang'anya haki hiyo. Ndiyo maana mikataba karibu yote inakukataza kukubali kosa, kuahidi malipo au kumalizana na mtu bila idhini yao.

Mkazi_wa_Goba, kwa hiyo hiyo 50,000 ya Noah ni hatari. Uliandika chochote?

#12 Mkazi_wa_Goba
Sikuandika. Ujumbe wa muamala upo, na yeye aliandika "ya kuanzia, nyingine mwisho wa mwezi".

#13 Mzee_wa_Tabata
Basi umepona. "Ya kuanzia" maana yake deni lipo na yeye kalikiri.

#14 Mwanasheria_Mdogo
Mzee, umepona ni neno kubwa. Ujumbe ule unasaidia, lakini bima ya Noah inaweza kusema mteja wao hakuruhusiwa kukiri chochote, kwa hiyo hawafungwi nao. Nionavyo picha zina nguvu kuliko ujumbe.

Na kitu ambacho wote mmekiruka: kwa nini dai la Mwenge liende kwenye bima yake mwenyewe? Aende kwenye bima ya Noah kama mtu wa tatu, yaani aliyegongwa na mteja wao. Huko hakatwi ekisesi, kwa sababu ekisesi ni mkataba kati ya Noah na kampuni yake. Akikubaliwa analipwa 240,000 yote, ikitolewa ile 50,000. Jumlisha na hiyo 50,000 aliyokwisha pokea na 390,000 za geti, inakuwa 630,000. Ule uongo wa jirani ungempa 720,000. Tofauti ni 90,000, yaani bei ya saitimira tu! Mtu aweke faili lake lote rehani kwa ajili ya kioo cha pembeni?

#15 Mkazi_wa_Goba
Mwanasheria, umenifungua macho kabisa. Naipataje kampuni ya bima ya Noah wakati hapokei simu?

#16 Mwanasheria_Mdogo
Una namba ya gari. TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, wana mfumo wa kuhakiki stika mtandaoni, unaingiza namba ya usajili unaona kama bima iko hai na ni ya kampuni gani. Piga picha ya kioo cha simu siku hiyo hiyo. Muhimu uone kama bima ilikuwa hai TAREHE YA AJALI, siyo leo.

#17 Bahari_ya_Mombasa
Salamu kutoka Mombasa. Ningependa kuuliza wenzetu wa Dar: bima ndogo (ya mtu wa tatu) huko inalipa gari la mtu uliyemgonga? Huku kwetu Sura ya 405 inalazimisha kifo na majeraha ya watu wengine. Mali ya mtu inaingia kwa sababu kampuni imeiandika kwenye mkataba, na ina kikomo chake. Na bila abstrakti (ripoti ya ajali) ya polisi hata mlango hufunguliwi.

#18 Wakala_Mstaafu
Karibu Mombasa. Ni vile vile. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kifo na majeraha. Mali ya mtu wa tatu imo ndani ya mkataba wa kawaida, ile ya 118,000 ambayo kila mwenye gari dogo anaijua, laki moja na VAT yake. Na ripoti ya polisi ni lazima. Ndipo kaka wa Goba atakapopata tabu: hakuna trafiki aliyefika.

#19 Kobe_wa_Chumbageni
Miezi mitatu baadaye uende kituoni useme uligongwa Mwenge? Watakuuliza ulikuwa wapi.

#20 Mzee_wa_Tabata
Aende tu. Mimi niliripoti baada ya wiki tano kwa sababu nilikuwa safarini Songea. Niliulizwa maswali mengi, gari ikakaguliwa, mwenye kosa akaitwa kituoni, na alipoitwa na polisi simu ilipokelewa mara ya kwanza. Ripoti nilipata.

#21 Mama_Wawili
Wiki tano na miezi mitatu ni vitu viwili, Mzee.

#22 Ndugu_wa_Dubai
Assalam aleikum. Mimi mtu wa Unguja, naendesha Dubai mwaka wa tisa. Huku ukigongwa kidogo, mnasogeza magari pembeni, mnaripoti kwa programu ya polisi kwenye simu. Mwenye kosa anapewa karatasi nyekundu, aliyegongwa kijani. Ukiwa na kijani unakwenda bima na gereji, humuombi mtu. Hata ukigonga nguzo mwenyewe, gereji haikunyooshei bodi bila karatasi ya polisi. Kwa hiyo mchezo wa kuunganisha ajali tatu huku haupo kabisa, kila mkwaruzo una karatasi yake na tarehe yake.

#23 Fundi_Bodi_Keko
Ndugu wa Dubai, hiyo ingenisaidia sana. Kila mwezi nakataa watu wawili watatu wanaotaka niongeze kidogo kwenye makadirio "ekisesi iingie humo humo". Nikikataa wanavuka barabara kwa fundi wa pili. Halafu asesa akija anatukata sote bei, mkweli na muongo, kwa sababu ameshazoea kwamba makadirio yamevimba.

#24 Kipanga_wa_Moro
Jamani mnamdanganya huyu ndugu. Hesabu zenu zinaishia siku ya malipo. Bima kubwa ya gari binafsi ni asilimia 3.5. Akidai geti, mwakani wanampandishia. Mimi baada ya madai mawili nilipelekwa asilimia 5 na kuambiwa kama sitaki niende kwingine. Kwenye milioni 12 tofauti ni 180,000, weka VAT inakuwa 212,400 kwa mwaka. Miaka miwili 424,800. Dai la geti linampa 390,000. Amepata hasara!

#25 Wakala_Mstaafu
Kipanga, gari haibaki milioni 12 milele. Mwakani iandike 11, tofauti ni 165,000, na VAT 194,700. Mwaka wa pili 10, tofauti pamoja na VAT 177,000. Jumla 371,700. Anabaki na 18,300.

#26 Kipanga_wa_Moro
18,300 kwa usumbufu wote huo wa asesa, polisi na gereji! Umenithibitishia hoja yangu mkuu.

#27 Mwanasheria_Mdogo
Lakini Kipanga, wewe ulipandishiwa kwa madai mawili. Yeye kwenye bima yake anadai moja tu, la geti. Dai la Mwenge lipo kwa Noah. Huenda asipandishwe kabisa, akakosa tu lile punguzo la kutodai kama mkataba wake unalo.

#28 Kipanga_wa_Moro
Huenda, huenda. Wakati wa kuhuisha hawakuulizi nani alikuwa na kosa, wanahesabu mafaili.

#29 Wakala_Mstaafu
Nimekaa ofisi hizo miaka mingi, niseme nilivyoona. Madai madogo ya mara kwa mara yanatisha kampuni kuliko dai moja kubwa. Gharama ya asesa, faili na barua kwa dai la laki tatu ni karibu sawa na kwa dai la milioni tatu. Na dereva aliyeguswa mara tatu kwa miezi mitano wanamwona ni mtu ambaye ajali kubwa inamtafuta.

#30 Mama_Wawili
Hilo silikubali. Aliyesimama kwenye taa nyekundu kagongwa, ajali inamtafuta vipi? Mimi naamini wanataka tu tuogope kudai. Tunalipa kila mwaka, siku tunawahitaji tunahesabiwa mafaili.

#31 Fundi_Bodi_Keko
Na mimi naona ni bei za vipuri. Taa ya IST na taa ya gari la sasa lenye kamera na sensa kwenye bampa ni mbingu na ardhi. Kampuni zimeumia huko, zinafidia kwetu wenye magari ya kawaida.

#32 Kobe_wa_Chumbageni
Au ni foleni ya Dar tu. Huku Tanga gari yangu ina miaka sita haijaguswa.

#33 Mzee_wa_Tabata
Kobe, Tanga mnagongana na baiskeli za madafu, usijisifu 😄

#34 Kobe_wa_Chumbageni
Baiskeli ya madafu ikikupitia ubavuni utaililia hiyo rangi, Mzee. Njoo barabara ya Pangani uone.

#35 Dada_Rehema
Swali lingine samahani. Kama hadai saitimira, inabidi aitaje?

#36 Wakala_Mstaafu
Swali zuri sana. AITAJE. Aandike barua fupi: tarehe, mahali, kilichotokea, "natoa taarifa, sidai". Mikataba mingi inataka utoe taarifa ya kila ajali mara moja, udai usidai. Usipotaja, siku asesa akikuta saitimira ya bei rahisi isiyo yake anaanza kuuliza nini kingine umeficha. Na akija kwa ajili ya geti, mwonyeshe mwenyewe bampa na saitimira kabla hajaziona: "hizi ni za zamani, hazimo kwenye dai hili". Utaona anavyolegea.

#37 Kipanga_wa_Moro
Hapo kwenye taarifa tunapishana. Taarifa nayo inaingia kwenye faili. Mimi saitimira ningenunua Kariakoo nikafunga, basi.

#38 Mwanasheria_Mdogo
Kipanga, ushauri huo unafaa mpaka siku bodaboda yule anajitokeza na PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, akisema wewe ndiye ulimgonga mguu ukakimbia. Sheria ya Usalama Barabarani inataka usimame na uripoti. Kama hukutoa taarifa popote, unaanza vita bila ngao.

#39 Bahari_ya_Mombasa
Hilo limenitokea mimi mwenyewe, Nyali. Bodaboda alinichubua, nikamwacha aende kwa huruma. Wiki mbili baadaye barua ya wakili imeingia ofisini, majeraha ya goti. Kilichoniokoa ni kwamba niliandikisha kituoni jioni ile ile.

#40 Msafiri_wa_Namanga
Nimechelewa uzi. Niongeze kwa wanaovuka mpaka: nilikuwa na Kadi ya Njano, bima ya kuvukia mpaka ya COMESA (jumuiya ya biashara ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), nikajua nimekamilika. Nikagusana na pikapu karibu na Kajiado. Pikapu ililipwa, gari yangu haikulipwa hata shilingi. Kadi ile inabeba hasara ya watu wengine na matibabu ya dharura ya waliomo garini, siyo gari lako. Ukitaka gari lako nalo lilindwe nje ya nchi, omba kampuni iongeze nchi hiyo kwenye bima yako kubwa kabla ya safari, kwa maandishi.

#41 Kobe_wa_Chumbageni
Si Tanzania ilitoka COMESA?

#42 Msafiri_wa_Namanga
Ilitoka mwaka 2000, ila kwenye mpango wa Kadi ya Njano tumo.

#43 Mkazi_wa_Goba
Wakuu, narudi na mrejesho. Ahsanteni kwa kila neno.

Nilihakiki Noah, bima ilikuwa hai siku ile, bima ndogo. Nilikwenda kituoni na picha zangu. Afisa wa zamu alinisema kwa kuchelewa, na alikuwa na haki, kisha akafungua taarifa. Mwenye Noah ameitwa, amekuja, amekubali kwamba alinigonga nyuma. Ameandikiwa faini ya 30,000. Anasema akilipa faini bima yake itamwona amekiri kosa, kwa hiyo anataka kwanza kuongea nao. Tumekwama hapo.

Fundi alifungua bampa kama Fundi_Bodi_Keko alivyosema. Chuma cha ndani kimeingia. 240,000 imekuwa 410,000.

Asesa wa bima yangu kaja jana kwa ajili ya geti. Nilimwonyesha saitimira na bampa mwenyewe. Aliandika, akapiga picha, hakusema kitu. Lakini fenda ameikubali nusu, anasema kuna kutu ya zamani kwenye ukingo wa chini ambayo upepo haukuileta. Kutu ipo kweli. Amekadiria 520,000 badala ya 590,000.

#44 Wakala_Mstaafu
520 toa 200, 320,000. Ipokee, ila usitie saini ya "malipo kamili na ya mwisho" kabla fundi hajafungua mlango na kuangalia ndani. Kuhusu Noah, faini ni yake na sheria, wewe haikuhusu. Peleka dai lako kwa kampuni yake sasa hivi na nakala ya taarifa ya polisi. Wakikaa kimya, andika TIRA, na wakibisha kabisa yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliwekwa na Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya watu kama wewe.

#45 Kipanga_wa_Moro
320,000 toa zile 371,700 za miaka miwili. Nasubiri mwezi wa pili mwakani utuletee karatasi ya kuhuisha hapa hapa.

#46 Mama_Wawili
Kipanga, mwache apumue. Kaka wa Goba, hongera kwa kusema kweli kwa asesa. Na lile geti umelifungia ndoano?

#47 Mkazi_wa_Goba
Nimefunga mbili, Mama. Kipanga, karatasi nitaileta.

#48 Mpita_Njia_Ilala
Uzi mzuri. Mimi jana daladala imerudi nyuma kwenye kilima ikanigonga mbele nikiwa nimesimama. Kondakta anasema aliye nyuma ndiye mwenye kosa siku zote, na abiria wote wamemuunga mkono. Picha ninayo moja tu, ya baada. Naanzia wapi?